Ukungu wa Chumba cha Bi Graciete

Miaka thelathini na miwili Graciete alishona kola. Si shati zima, kola tu. Mikono walishona wengine, vifungo wengine, yeye kola. Kiwanda kilipofungwa akarudi nyumbani na cherehani yake, akaanza kupunguza suruali za watu, kufupisha sketi na kubadilisha zipu. Alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na ulimi wake ulikuwa hauna breki kiasi kwamba padri wa parokia akimwona kwa mbali hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande wa pili wa barabara.

Alikuwa amepanga ghorofa ya pili katika jengo la mawe la Mtaa wa Wafinyanzi, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Ureno ambako mvua ikianza mwezi wa kumi, ukifika wa kumi na moja hakuna anayeitaja tena. Alihamia hapo na mumewe, Delfim, miaka kumi na tisa nyuma. Delfim akafariki, watoto wakaenda Uswisi kutafuta maisha, naye akabaki na vyumba viwili, jiko, bafu lisilo na dirisha, na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba aliitwa Albano Queirós. Maisha yake yote aliuza misumari, bawaba na makufuli, na dukani alijifunza jambo moja ambalo hakulisahau hata alipostaafu: kufuli likikwama, kosa ni la mteja aliyezungusha ufunguo vibaya. Jengo alilirithi kwa baba yake. Yeye mwenyewe aliishi mitaa mitatu mbele, kwenye nyumba mpya, kavu kama biskuti.

Ukungu ulianza nyuma ya kitanda, kwenye ukuta wa chumba cha kulala unaotazama kaskazini. Mwanzoni vilikuwa vidoa vidogo, kama pilipili manga iliyomwagika, na Graciete alivifuta kwa dawa ya kupaushia nguo akaendelea na maisha yake. Miaka mingi ilikuwa hivyo: vinatoka, anafuta. Kisha, majira ya baridi moja, vikagoma kufutika. Vikaungana, vikawa doa jeusi la ukubwa wa sinia, na doa likaota manyoya. Chumba kikanuka uvundo kama pango. Shuka zilikuwa na ubaridi wa kitu kilichoanuliwa kabla ya kukauka. Graciete akaanza kukohoa.

Akampigia simu Bwana Albano. Akaja baada ya siku kumi na moja, mikono nyuma, pua mbele.

"Bi Graciete," akasema, akinusa jikoni, "unapika nini humu?"

"Supu."

"Kila siku?"

"Bwana Albano, mimi ni mtu wa huku. Nisipokula supu ya kabichi nile nini, mchanga?"

"Basi ndiyo hiyo. Mvuke wa supu unapanda, unatafuta ukuta wenye baridi, unakaa. Si ukuta wangu huo, ni supu yako. Fungua madirisha."

"Nje mvua inanyesha."

"Fungua hivyohivyo."

Graciete hakuwa mtu wa kubisha kabla ya kujaribu. Majira yale yote alifungua madirisha asubuhi na mchana, akashona akiwa amevaa koti na kofia ya sufu ya marehemu, vidole vikimkauka mpaka sindano ikawa inamchoma hajui. Akapika kwa kufunika sufuria. Nguo akaacha kuzianika ndani, akawa anazipeleka kukaushwa kwenye mashine za mtaa wa pili, anapanda kilima na kapu kichwani kama msichana. Kufika mwezi wa pili alikuwa na baridi yabisi ya mabega, na ukuta ulikuwa mweusi kuliko mwaka jana.

Mwaka uliofuata Bwana Albano akaleta fundi wa rangi. Fundi akapaka juu ya ukungu, hakuukwangua wala hakuuosha, akasema rangi hii ni maalumu, inaua kila kitu. Kwa wiki tatu ukuta ulikuwa mweupe kama jino la tangazo. Wiki ya nne ukungu ukachungulia katikati, kwanza kama kidole, kisha kama kiganja.

"Umeikwangua?" Bwana Albano akauliza kwenye simu.

"Niikwangue ya nini?"

"Sijui. Watu hukwangua."

Mwaka wa tatu akaja na kipimo. Kilikuwa kitu cha mviringo chenye mshale, amekinunua mwenyewe, na alikishika kwa fahari kama mtu aliyeshika cheti cha ubatizo. Akakitundika jikoni, wakakaa wawili hao wakikitazama, mpaka mshale ukapanda ukasimama.

"Sabini na nane!" akasema. "Unaona? Hewa yako imejaa maji."

"Naona. Sasa maji yanatoka wapi? Sianiki, sipiki wazi, nalala na koti."

Bwana Albano akafikiri kidogo. "Unapumua," akasema.

"Ati nini?"

"Nimesoma. Mtu mmoja akilala, kwa pumzi zake tu, anatoa maji ya kujaza glasi nzima. Huenda wewe ni mtu wa kupumua sana."

Graciete akavaa miwani yake, akamtazama vizuri kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Sawa," akasema. "Basi nitaacha kupumua mpaka mwezi wa tano. Ukija ukanikuta nimekufa, ukuta uuangalie wewe."

Jirani wa juu, Idalina, alicheka mpaka akashika mbavu aliposimuliwa. Alikuwa mwanamke mkubwa, mpishi wa zamani wa hospitali, na rafiki pekee ambaye Graciete alimvumilia kwa zaidi ya saa moja.

"Shoga, wewe unampigia mbuzi gitaa," akasema. "Miaka mitatu unatii tu. Fungua, unafungua. Funika, unafunika. Kesho atakwambia ukalale nje ukuta upumzike."

"Nifanyeje? Nimtukane?"

"Mwandikie. Maneno ya mdomoni yule anayala na mkate."

Graciete akasema atafikiri. Hakupenda karatasi. Lakini mwezi wa nne ukaja, na pamoja nao magauni ya komunyo ya kwanza, na hapo maji yakazidi unga.

Gauni lililoharibika lilikuwa la mjukuu wa mwoka mikate. Lesi ya mikono ilikuwa imetoka kwenye gauni la bibi wa bibi yake, na Graciete alikuwa ameitia mikono hiyo kwa siku nne, mshono mmoja mmoja, kwa mkono. Chumba cha kushonea kilikuwa kimejaa, kwa hiyo akalitundika chumbani, mbali na ukuta, juu ya mlango wa kabati, akalifunika kwa shuka. Siku tatu kabla ya misa akalifunua. Kwenye mkono wa kushoto, kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, kulikuwa na vidoa vya kijivu, vidogo, vimepangana kama mwandiko.

Hakupiga kelele. Alikaa kitandani akalipakata gauni kama mtoto mgonjwa. Kisha akaenda kwa mwoka mikate, akamweleza ukweli wote mbele ya wateja, akatafuta lesi nyingine inayokaribiana, na kwa siku mbili akaitia mikono mipya. Mtoto alipokea komunyo amependeza. Mama yake hakumsalimu Graciete mlangoni mwa kanisa, na wala Graciete hakumlaumu.

Jumapili hiyohiyo, saa ya chakula cha mchana, akabisha hodi nyumbani kwa Bwana Albano. Alimkuta mezani peke yake, leso imefungwa shingoni, anakula samaki mkavu wa chumvi kwa viazi. Graciete akautandaza mkono wa lesi juu ya meza, kando ya chupa ya mafuta ya zeituni.

"Hii nayo nimeipikia supu?"

"Bi Graciete, ninakula."

"Naona unakula. Mimi kwangu siwezi kula, kunanuka kaburi. Lesi hii ina miaka mia moja. Vita haikuiharibu, panya hawakuila, imekuja kufia kwenye ukuta wako."

"Ukuta si wangu peke yangu. Anayeishi nao ni wewe." Bwana Albano akaweka uma chini. "Nimeleta rangi, nimeleta kipimo, nimekuja kila uliponiita. Kama nyumba haikufai, mlango haujafungwa. Wapo watu wengi wanaotafuta."

Graciete akaikunja lesi yake, akaitia mkobani.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Haya, Bwana Albano. Maliza samaki wako."

Jioni ile akapanda kwa Idalina kuomba karatasi.

Waliandika barua mara tano. Ya kwanza ilikuwa na matusi, Idalina akaichana. Ya pili ilikuwa na matusi ya adabu. Ya tano ikawa fupi: nyumba iko wapi, ukungu ulianza lini, mwenye nyumba aliambiwa lini na lini, akafanya nini, na picha saba za ukuta. Tarehe ndizo zilizomtesa Graciete. Alijua ilikuwa siku ya mvua, lakini siku ipi isiyo ya mvua? Ikabidi apekue daftari la wateja wake, akumbuke kwamba fundi wa rangi alikuja wiki ile aliyopunguza suruali ya mwalimu wa muziki, na kwamba kipimo kililetwa siku ya zipu ya koti la daktari wa meno. Wakaituma kwa posta, ile ya kusainiwa na mpokeaji.

Jibu likaja kwa posta vilevile, limepigwa chapa. Lilisema unyevu unatokana na matumizi mabaya ya nyumba: mapishi, kutofungua madirisha, na "mienendo ya mpangaji". Graciete alilisoma amesimama kwenye ngazi.

"Mienendo!" akasema. "Idalina! Njoo usikie, nina mienendo!"

Kesho yake wakaenda manispaa kuomba ukaguzi. Karani aliyewapokea, mtu mpole mwenye mafua, aliwaeleza kwamba sheria haina makuu: jengo lenyewe, paa, mabomba na kuta, ni mzigo wa mwenye nyumba, kulitunza kwa matumizi ya kila siku, kupitisha hewa, kusafisha, ni mzigo wa mpangaji. "Ugomvi wote mama zangu," akasema akipenga kamasi, "huwa ni kujua maji yametoka upande gani." Akagonga muhuri.

Mkaguzi akaja mwisho wa mwezi wa tano. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mhandisi, jina lake Natércia, viatu vya matope na begi lenye vifaa. Bwana Albano alifika kabla yake, amevaa suti na tai, kipimo mkononi. Graciete alikuwa amesugua nyumba mpaka sakafu ikateleza, na Idalina alikuwa ameteremka, eti kuazima chumvi.

Mhandisi hakusikiliza hotuba ya mtu. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akauchoma kwa kifaa chenye pini mbili, akasoma namba, akasogea, akachoma tena. Akachora alama kwa chaki. Zilipokamilika, alama zilikuwa mstari uliosimama wima, kutoka darini mpaka sakafuni.

"Mvuke haukai kwa mstari," akasema. "Humu ndani ya ukuta kuna nini?"

"Mawe," akasema Bwana Albano.

"Na maji ya paa yanashukia wapi? Nje sikuona bomba upande huu."

Bwana Albano akakitia kipimo mfukoni.

Mhandisi akaomba ndoo na mtu wa kuzibeba. Graciete hakuwa na nguvu za mabega, Idalina alikuwa na goti bovu. Wote wakageuka wakamtazama Bwana Albano. Akavua koti. Mara sita alipanda ngazi na ndoo mbili mbili, kupitia kwa Idalina mpaka kwenye tundu la paa, tai ikimning'inia kama ulimi, na mhandisi akamwaga maji yale kwenye mfereji wa paa baada ya kuyatia unga wa rangi ya kijani. Kisha wakateremka wote wanne chumbani wakakaa kutazama ukuta.

"Tunasubiri nini?" Bwana Albano akauliza, akihema.

"Unapumua sana, Bwana Albano," akasema Graciete. "Utaongeza unyevu."

Baada ya dakika arobaini, kando ya kitanda, kwenye mstari wa chaki, doa la kijani likatokea. Dogo kwanza, kama jani la mnanaa. Likakua, likachuruzika mpaka sakafuni.

Miaka mitatu ya kofia ya sufu, ya kapu kichwani, ya kula supu ya uvuguvugu kwa kuogopa mvuke, na jibu lilikuwa hapo linachuruzika, kijani kibichi, mtu yeyote analiona. Graciete alitaka kulia na alitaka kurusha kiatu.

"Tuone na bafu," akasema mhandisi.

Dari la bafu lilikuwa limejaa vidoa kuanzia pembeni. Graciete siku zote aliamini ni tawi la ukungu wa chumbani. Mhandisi akachoma ukuta kwa pini zake, akatikisa kichwa: kavu. Akazungusha macho juu.

"Bafu hili halina dirisha. Tundu la hewa liko wapi?"

Hapo Graciete akasikia joto linampanda kutoka shingoni mpaka masikioni.

Alikuwa amesahau, kwa namna ile mtu anavyosahau jambo asilopenda kulikumbuka. Miaka kumi na minne nyuma, Delfim akiwa hai, upepo wa baridi ulikuwa ukiingia kwa tundu lile, na pamoja nao harufu ya kitunguu saumu kutoka jiko la Idalina. Yeye mwenyewe alipanda juu ya kiti akalisokomea mto wa kochi uliochakaa, kisha wakapachika kabati la taulo mbele yake.

"Nyuma ya kabati," akasema kwa sauti ndogo. "Nililiziba kwa mto miaka kumi na minne nyuma, kwa sababu ya upepo na kitunguu saumu cha Idalina."

Bwana Albano, aliyekuwa ameinama kama mtu wa msibani, akanyooka. "Ahaa!" akasema. "Ahaa! Andika hilo, mhandisi! Tundu limezibwa! Nilisema mienendo!"

"Nitaliandika," akasema mhandisi.

"Ameziba tundu la hewa kwa mikono yake, halafu anakuja kuniharibia chakula changu! Nyani haoni kundule!"

Graciete hakujitetea. Alileta kiti, akalisogeza kabati, akapanda. Mto ulikuwa umeshikana na ukuta, akauvuta kwa nguvu zote mpaka ukatoka na vumbi, mweusi, umelowa kama maiti ya mnyama. Upepo baridi ukaingia palepale. Akateremka akauweka mto miguuni mwa Bwana Albano.

"Langu hilo," akasema. "Nililifanya mimi, nimekosea mimi, na dari nitalisugua na kulipaka rangi mimi. Limechukua dakika moja. Sasa twende kwenye lako."

Mlangoni kulikuwa na mwingine aliyesikia yote.

"Kitunguu saumu changu?" akauliza Idalina. "Miaka kumi na minne umeziba pua kwa ajili ya mapishi yangu, na kila Jumamosi unakuja kula?"

"Idalina, si sasa."

"Si sasa! Haya. Jumamosi ule mto huo."

Hakuonekana kwa wiki mbili. Graciete alisugua dari la bafu peke yake, amesimama juu ya kiti, dawa ikimdondokea machoni, akijilaani kwa sauti. Kilichomkera zaidi si zile ahaa za Bwana Albano. Ni kwamba katika barua zile tano, kila alipoandika "mimi nimetimiza wajibu wangu wote", aliandika kwa moyo mweupe kabisa. Alipaka dari rangi, akapanda juu na sufuria ya wali wa maharage kumwomba Idalina radhi. Idalina akaionja amesimama.

"Haina kitunguu saumu," akasema. "Ndiyo maana haina maana." Akamfungulia mlango.

Ripoti ya mhandisi ilimpa mwenye nyumba siku tisini. Bwana Albano akazitumia zote. Mwezi wa sita fundi alikuwa na harusi. Wa saba, fundi ameumia mgongo. Wa nane, nani asiyejua, nchi nzima iko ufukweni na hata paka hawapatikani. Graciete alihamishia godoro chumba cha kushonea, akalala kati ya sanamu mbili za kupimia nguo na suti ya mtu, na kila Jumatatu saa tatu akapiga simu.

"Fundi?"

"Wiki ijayo."

"Naandika tarehe, Bwana Albano."

"Andika."

Siku ya themanini na sita, fundi Zeferino akafika na nyundo na patasi. Alikuwa mzee mkavu asiyemaliza sentensi. Bwana Albano alikuja naye kusimamia, asije akabomoa kuliko inavyohitajika. Kitanda kikafunikwa kwa maturubai, na kufika saa nne asubuhi ukuta ulikuwa wazi toka kifuani kwenda chini. Mawe ya ndani yalikuwa yamelowa, katikati ya kiangazi, wakati nje lami ya barabara ilikuwa inayeyuka.

Bomba lilikuwa la udongo wa kuchoma, limejengewa ndani ya ukuta. Lilikuwa limepasuka kwenye maungio, na mpasuko umejaa matope meusi na mizizi myembamba kama nywele.

"Hili si la juzi, ni la..." akasema Zeferino. Akachokoa kwa bisibisi. "Hili lilishawahi kuzibwa na... Tazama. Gunia, na lami. Mtu alifungua ukuta hapa, akalifunga bomba, akaufunga... Kazi ya zamani hii. Miaka hamsini, sitini. Lami imekufa, basi..." Akapunga mkono.

"Nani alifungua?" akauliza Graciete.

Bwana Albano alikuwa amelichukua lile gunia. Kwenye kipande chake palikuwa na herufi zilizofifia za jina la duka la vyuma, lile alilorithi pamoja na jengo. Akakaa kitandani, juu ya turubai, na vumbi likamrukia kwenye suruali nzuri.

"Mimi nilizaliwa humu," akasema. "Hiki kilikuwa chumba cha wazazi wangu."

Graciete hakulijua hilo. Miaka kumi na tisa, na hakulijua.

"Mama alikuwa na kifua. Kila majira ya baridi. Na baba alikuwa akimgombeza: fungua madirisha, mwanamke, unalala kama kuku kwenye tenga, ndiyo maana ukuta unaoza. Mama alikuwa akikaa pale," akaonyesha, "dirisha wazi, mtandio mabegani, anakohoa. Nami nikaamini. Nilikuwa na miaka minane, nikawa namwambia hivyohivyo: mama, si ufungue dirisha." Akaligeuza gunia. "Kumbe baba alijua. Alikuja akaziba kwa mkono wake, ikavuja tena, akaona afadhali amgombeze mama."

Zeferino akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa zana.

Graciete alikuwa na maneno ya miaka mitatu aliyoyatunza kwa siku kama hii. Alikuwa ameyapanga, ameyanoa, mengine aliyajaribu kwa Idalina. Aliyatafuta akayakuta hayana mahali pa kutua. Akaenda jikoni, akachemsha kahawa, akarudi na vikombe vitatu.

"Kunywa," akamwambia. "Pole ya mama. Lakini usidhani machozi yatafunika bomba. Leo utaniambia linahamia nje lini."

"Kesho," akasema Bwana Albano.

"Fundi?"

"Kesho," akasema Zeferino, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsikia akimaliza sentensi.

Bomba jipya la bati likashushwa nje ya ukuta, jeupe, kila mpita njia analiona. Ukuta ukaachwa uchi mpaka mwezi wa kumi ukauke, kisha ukapigwa lipu ya chokaa. Bwana Albano hakuomba radhi kwa maneno. Alileta bahasha yenye barua yake ile iliyopigwa chapa, nakala aliyobaki nayo, akasema Graciete aichome mwenyewe kama anataka. Graciete akasema haichomi, ana jalada. Mwoka mikate alilipwa lesi na Bwana Albano, wawili hao walielewana huko dukani, Graciete hakuulizwa. Mama wa mtoto bado hamsalimu.

Mvua zikaja, zikanyesha kama zilivyozoea. Graciete alirudi kulala chumbani mwake, na kwa majuma ya kwanza aliamka kila asubuhi akaupapasa ukuta kabla ya kuvaa viatu. Ulikuwa baridi, kwa sababu ni ukuta na ni majira ya baridi, lakini ulikuwa mkavu. Kikohozi kilikwenda mwezi wa kwanza. Kilibaki cha mazoea tu, akitaka kumkatiza Idalina.

Ila sasa hakai kwa raha. Habari za maji ya kijani zilienea Mtaa wa Wafinyanzi mpaka sokoni, na wanawake wakaanza kuja. Anakuja mmoja na sketi ya kufupisha, anakaa, anasema, "Halafu Bi Graciete, kuna hili," na simu inatoka mfukoni: ukuta mweusi, dari jeusi, pembe ya kabati imeota manyoya. Mwenye nyumba wake amemwambia ni kwa sababu ana watoto wengi. Wa mwingine amemwambia ni kwa sababu ya paka.

"Mimi ni ofisi?" Graciete anafoka. "Mnaona nimeandika manispaa hapo mlangoni? Nina suruali sita za kumaliza leo!"

Lakini miwani anaivaa. Anaikuza picha kwa vidole viwili, anaisogeza karibu na taa ya cherehani. Ukuta unatazama wapi? Doa limeanzia juu au chini? Mvua ikikatika, linapungua? Lilianza lini?

"Muda kidogo," wanasema.

"Muda kidogo ndiyo lini?"

"Aa, Bi Graciete, tangu mwaka jana hivi. Au mwaka juzi."

Graciete anaivua miwani, anaiacha ianguke kifuani.

"Hakuna anayeandika tarehe," anasema, na kumtazama Idalina aliyejikalia pembeni na kikombe chake. "Mji mzima huu, hakuna mtu mmoja anayeandika tarehe. Haya, nipe karatasi hiyo hapo. Na sketi ivae, nikupime tukiandika."